Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Miji ya Kando ya Maji: Tufungulieni Njia ya Kufika Ukingoni

Waheshimiwa mameya, wakurugenzi wa mipango miji, wakuu wa bandari na wasimamizi wa barabara katika miji iliyojengwa kando ya bahari, ziwa au mto,

Salamu za heshima ziwafikie popote mlipo. Ninawaandikia nikiwa mgeni, mtu wa siku tatu au nne katika miji yenu, anayeshuka kwenye treni au basi akiwa na begi moja na viatu vya kutembelea, na ambaye jambo la kwanza analotaka kulijua ni maji yako upande gani. Sina kura katika miji yenu, na ninatambua kwamba wenyeji ndio wenye haki ya kwanza ya kusikilizwa. Hata hivyo, ninayoyaomba hapa yakitimizwa yatamfaa mwenyeji siku zote za mwaka, ilhali mimi yatanifaa kwa siku hizo chache tu, na ndiyo maana nimepata ujasiri wa kuyaandika hadharani.

Ombi langu ni moja: njia ya miguu inayofuata ukingo wa maji isikatike, na njia ya kutoka katikati ya mji kwenda kwenye ukingo huo isikatike pia. Bustani, viwanja na gati mnazozijenga ufukweni nimeziona na nimezifurahia. Kinachotuumiza sisi tunaotembea ni vile vipande vilivyo baina yake: mita 100 za uzio hapa, barabara kuu isiyovukika pale, eneo la maegesho lenye lango lililofungwa, kona ambapo njia ya mawe inaishia ghafla kwenye majani na mtu hajui kama arudi alikotoka au ashuke barabarani kwenye magari.

Mwaka juzi nilisafiri na mama yangu, mwenye umri wa miaka 74 na anayetembea kwa mkongojo, hadi mji mmoja ambao sitautaja, kwa sababu niliyoyakuta huko nimeyakuta katika miji mingine pia. Ramani tuliyopewa hotelini ilionyesha kuwa maji yako mita 400 tu kutoka mlangoni. Tulitoka asubuhi, jua likiwa bado pole, mama akiwa amefurahi kama mtoto. Baada ya majengo mawili tulikutana na barabara ya njia sita. Taa ya waenda kwa miguu ilipowaka kijani tukaanza kuvuka, na tulikuwa tumefika kwenye kile kisiwa chembamba cha saruji katikati ya barabara ilipogeuka kuwa nyekundu. Kisiwa chenyewe hakikuzidi upana wa hatua mbili. Lori lilipita mbele yetu, upepo wake ukampeperusha mama mtandio, naye akaikumbatia nguzo ya taa kwa mikono miwili, mkongojo ukaanguka na kubingiria hadi ukingoni mwa lami. Niliuokota. Vidole vyake vilikuwa vinatetemeka alipoupokea, na hakusema neno hadi tulipofika ng'ambo.

Ng'ambo hatukukuta maji. Tulikuta ukuta mrefu kuliko mimi, na juu ya ukuta huo ncha za milingoti ya mashua, na kutoka nyuma yake ile sauti ya kamba zikigonga milingoti upepo unapovuma. Harufu ya chumvi ilikuwa imejaa hewani. Tuliufuata ukuta kwa nusu saa, tukapita lango moja lenye kufuli na jingine lenye mlinzi aliyetuambia kwa upole kwamba hapo si pa kupita. Mama akasimama, akaegemea ukuta, akaniuliza: “Mwanangu, bahari naisikia iko hapa hapa. Mlango wake uko wapi?” Sikuwa na jibu. Tulirudi hotelini kwa teksi, na siku ile mama hakuiona bahari.

Waheshimiwa, nimelifikiria sana swali lile, na ninaamini jibu lake liko mezani kwenu, katika hesabu ndogo ambazo wahandisi wenu wanaweza kuzifanya kwa dakika moja. Barabara ya njia sita, kila njia ikiwa na upana wa mita 3.5, ina mita 21 za kuvuka. Mtu mzima mwenye afya anayetembea mita 1.2 kwa sekunde huhitaji karibu sekunde 18. Mzee anayetembea mita 0.8 kwa sekunde huhitaji sekunde 26. Tuliporudi niliihesabu taa ile ya kijani: ilidumu sekunde 18. Kwa hiyo taa ilipangwa kwa ajili yangu, na ikamwacha mama yangu katikati ya barabara na sekunde nane alizozikosa. Sidhani kuna yeyote aliyekusudia hivyo, lakini taa haijui nia ya aliyeipanga.

Najua pia jibu ambalo hutolewa mara nyingi, kwamba litajengwa daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara. Naomba mlitazame jibu hilo kwa macho ya mtu anayesukuma kiti cha magurudumu. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa mteremko wa kiti hicho ni kimo cha mita moja kwa kila mita 12 za urefu. Daraja linaloinuka mita 6 ili malori yapite chini yake litahitaji mteremko wa mita 72 upande wa kupandia na mwingine wa mita 72 upande wa kushukia, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Mtu huyo atasukuma mita 144 za kupanda na kushuka ili avuke mita 21, na gari halitapunguza mwendo hata kidogo. Pale panapowekwa ngazi tupu, hafiki kabisa. Kivuko cha usawa wa barabara, chenye taa ya muda wa kutosha na kisiwa kipana katikati, hugharimu kidogo kuliko daraja na humfikisha kila mtu.

Lakini ziko barabara ambazo hata kivuko kizuri hakizitoshi, kwa kuwa zimejengwa juu ya ukingo wenyewe. Hapa naomba niongee kwa kirefu kidogo juu ya San Francisco. Mwaka 1959 mji huo ulifungua barabara ya juu ya ghorofa mbili iliyopita mbele ya Ferry Building, jengo la vivuko la mwaka 1898 lenye mnara wa saa ambao kwa miongo mingi ndio uliokuwa ukiwapokea wasafiri wanaokuja kwa maji. Barabara ile ililitenga jengo na mji wake. Mwaka 1986 wapiga kura waliulizwa kama iondolewe, wakakataa, maana wengi waliogopa msongamano. Kisha tarehe 17 Oktoba 1989 likapiga tetemeko la Loma Prieta, barabara ikaharibika na kufungwa, na mji ukalazimika kuchagua kati ya kuikarabati na kuibomoa. Meya Art Agnos alisimamia uamuzi wa kuibomoa, licha ya upinzani mkali wa wafanyabiashara wa Chinatown, mtaa wa Wachina, waliohofia kupoteza wateja waliokuwa wakiletwa na barabara ile. Ubomoaji ulianza mwaka 1991, na mwaka huohuo meya akashindwa katika uchaguzi.

Leo mahali pale pana barabara pana ya chini yenye mitende ya mapambo, tramu za zamani zilizokarabatiwa na njia ya miguu inayofuata ghuba. Jengo lile la mwaka 1898 lilifunguliwa tena mwaka 2003 likiwa soko, nao watu hutoka mtaani wakaingia mlango wa mbele na kutokea mlango wa nyuma kwenye maji. Ninamtaja meya yule kwa heshima, kwa kuwa alilipa kwa cheo chake kitu ambacho wengine ndio tunaokifaidi. Na hofu ya wafanyabiashara wale haikuwa ya kupuuzwa. Mji unaoondoa barabara ya namna hiyo una wajibu wa kukaa nao mapema na kuwatengenezea njia nyingine ya kufikiwa na wateja, kabla tingatinga halijafika.

San Francisco haiko peke yake. Portland, katika jimbo la Oregon, iliifunga barabara kuu ya ukingo wa mto Willamette mwaka 1974 na kuigeuza kuwa bustani, bila kusubiri tetemeko lolote. Seoul ilianza kubomoa barabara ya juu iliyofunika kijito cha Cheonggyecheon mwaka 2003 na kukifungua kwa watu mwaka 2005. Paris iliwaondolea magari kilomita zaidi ya 3 za ukingo wa kulia wa mto Seine mwaka 2016, kwenye barabara ya kasi iliyokuwa imefunguliwa mwaka 1967. Oslo iliihamishia barabara yake kuu ndani ya handaki chini ya maji mwaka 2010, hatua chache kutoka jengo la opera lililofunguliwa mwaka 2008, ambalo paa lake linateremka hadi kwenye maji na yeyote anaruhusiwa kulipanda kwa miguu. Kila mmoja wa miji hiyo ulikuwa na watu waliosema haiwezekani.

Kuna mfano mwingine ninaoupenda kuliko hiyo yote, kwa sababu ni wa subira. Vancouver ilianza mwaka 1917 kujenga ukuta wa mawe kuzunguka bustani ya Stanley Park, kwa lengo la awali la kuzuia mawimbi yasiule ukingo. Fundi mwashi James Cunningham aliutumikia ukuta ule kwa miaka 32, jiwe juu ya jiwe, na akafariki mwaka 1963 kabla haujakamilika. Mzunguko ulikamilika mwaka 1971, yaani miaka 54 tangu ulipoanza. Baadaye viwanda vilipoondoka kwenye kingo za False Creek, mkono wa bahari unaoingia mjini, na majengo ya makazi yakachukua nafasi zao, ukanda wa kando ya maji uliachwa kwa watembeao, kipande kikaunganishwa na kipande, hata leo mtu anaweza kutembea karibu kilomita 28 kutoka jumba la mikutano la katikati ya mji hadi fukwe za Spanish Banks bila kuyaacha maji. Katika sehemu kubwa ya njia hiyo wapanda baiskeli wametengewa upande wao, na mzee hashtuliwi na kengele mgongoni. Anayeanza njia yake leo asikate tamaa kwa kuwa fedha za mwaka huu zinatosha mita 300 tu. Azijenge hizo mita 300, ila aandike katika mpango wa mji zitaungana na nini, ili atakayekuja baada yake asiuze kiunganishi.

Nimesema asiuze, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo katika miji mingi niliyoitembelea. Ukingo mmoja huwa na wenyewe wanne: bandari ina kipande chake, idara ya barabara ina chake, idara ya bustani ina chake, na mwekezaji aliyejenga hoteli au nyumba za kifahari ana chake. Kila mmoja hutunza eneo lake vizuri hadi kwenye mpaka, na pale kwenye mpaka njia hufa. Mimi mgeni siioni mipaka hiyo kwenye ramani. Ninaikuta kwa miguu yangu, mahali ambapo mawe ya kukanyagia yanabadilika rangi na kisha kwisha. Kwa hiyo ninaomba kila mji umteue ofisa mmoja, mwenye mamlaka juu ya idara zote hizo, ambaye kazi yake iwe njia nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ambaye akiulizwa kwa nini lango fulani limefungwa hawezi kujibu kwamba hilo si eneo lake.

Kuhusu mwekezaji, wazo kwamba ukingo ni wa watu wote si geni. Sheria zilizokusanywa kwa amri ya mfalme Justinian wa Roma, zilizotangazwa mwaka 533, zilisema kuwa hewa, maji yatiririkayo, bahari na fukwe za bahari ni vitu vya watu wote kwa asili yake. Huko Chicago, ramani ya mwaka 1836 iliandikwa maneno kwenye kipande cha ardhi kando ya ziwa Michigan, kwamba ni ardhi ya umma itakayobaki daima bila majengo. Maneno hayo yangesahauliwa kama mfanyabiashara Montgomery Ward asingeyapeleka mahakamani kuanzia mwaka 1890 na kuyatetea kwa miaka 20 hivi, dhidi ya watu wa mji wake waliomwona kikwazo cha maendeleo. Bustani iliyo pale leo, ambayo mgeni huifikia kwa miguu kutoka katikati ya mji, ni matunda ya ukaidi wake. Maneno machache yaliyoandikwa kwenye ramani kabla ardhi haijapanda bei yana nguvu kuliko hotuba nyingi zitakazotolewa baadaye. Pale mnapotoa kibali cha ujenzi kando ya maji, yaandikeni: ukanda wa mita kadhaa, wazi usiku na mchana, usio na lango.

Sitaki mdhani kwamba nimesahau upande wa pili, yaani uzito wetu sisi wageni. Venice imenifundisha hilo. Kitovu cha kale cha mji ule kilikuwa na wakazi wapatao 175,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na sasa hawafiki 50,000. Tangu tarehe 1 Agosti 2021 meli kubwa za kitalii zimezuiwa kupita kwenye mfereji wa Giudecca, na tangu Aprili 2024 wageni wa siku moja hulipishwa kiingilio, kilichoanza kwa euro 5, katika siku zilizoteuliwa. Uamuzi wa meli ninauunga mkono kwa moyo wote. Juu ya kiingilio sina hakika kama kinawapunguza watu, maana aliyesafiri kutoka mbali hatarudi nyuma kwa ajili ya euro 5. Ninachokiona kwa macho ni kwamba msongamano hukua pale ambapo njia ni fupi: mji ukiwa na mita 500 tu za ukingo unaotembeleka, wageni wote watasimama hapo pamoja na wenyeji watapakimbia. Njia ya kilomita 10 isiyokatika huwatawanya watu, na mwenyeji hupata kipande chake cha kutulia jioni bila kupigana vikumbo na mtu mwenye kamera.

Yapo mambo madogo ya kando ya njia ambayo sitayaeleza kwa kirefu. Kivuli kiwepo, na kiwe cha miti. Mabenchi yawe na egemeo na mahali pa kuweka mikono, kwa sababu mzee hujiinua kwa mikono kabla ya kujiinua kwa miguu. Vyoo vya umma viwe wazi saa zote ambazo njia ni wazi, na mabango yaandike umbali kwa dakika za kutembea. Na mahali fulani pawe na ngazi pana au mteremko unaoshuka hadi kwenye maji yenyewe, ili mtu aweze kuyagusa. Copenhagen iliyasafisha maji ya bandari yake hadi ikafungua bwawa la kuogelea ndani yake, pale Islands Brygge, mwaka 2002. Si kila mji utafika huko upesi, lakini kuchovya mkono ni jambo ambalo mji wowote wenye maji safi kiasi unaweza kulitoa bure.

Sasa naomba jambo moja la vitendo. Kabla ya msimu ujao wa wageni, chagueni asubuhi moja, muwache magari ofisini, na mtembee kutoka kituo kikuu cha treni au mabasi hadi kwenye maji, kisha mfuate ukingo kwa saa nzima. Msiende peke yenu. Nendeni na mzee anayetembea kwa mkongojo, na mtu wa kiti cha magurudumu, na mzazi mwenye kigari cha mtoto. Mmoja wenu ashike saa na kuandika: taa ya kivuko ilidumu sekunde ngapi, tulisimama mara ngapi, ni wapi njia ilikatika, na kipande kile ni cha nani. Karatasi hiyo, ikiwa na majina ya idara na urefu wa kila pengo, ibandikwe mahali wenyeji na wageni wataiona, pamoja na tarehe ambayo kila pengo litazibwa.

Mama yangu amepona mguu uliokuwa ukimsumbua na anataka kusafiri tena mwakani. Ameniambia hataki mji wenye majumba makubwa wala maduka. Anataka atoke mlangoni, atembee kwa mwendo wake, na akae mahali ambapo anaweza kuyaona maji bila kumwomba mtu amfungulie. Bado sijakata tiketi. Nitashukuru sana kupata majibu yenu kabla ya kufanya hivyo, hasa kutoka kwa mji ambao tayari unajua milango yake iko wapi.

Wenu kwa heshima,
Mgeni anayetembea kwa miguu